Antena ya 4G haileti 4G, inaifukuza

Juzi kanipigia mzee mmoja anayeishi nyuma ya milima ya Uluguru. Kanunua antena mpya mjini, boksi linang'aa, juu limeandikwa dijitali, chini 4G LTE, yaani intaneti ya kasi ya simu. "Fundi, TV inashika vizuri, ila wajukuu wametafuta intaneti mpaka wamechoka. Nimepigwa?"

Huyo ni wa nne tangu mvua zianze. Naandika mara moja, wa tano nitamtumia linki.

Kwanza, hakuna antena ya dijitali. Antena ni vyuma vilivyokatwa kwa kipimo, haijui kinachopita ni analojia, dijitali au taarabu. Inachojua ni masafa tu, yaani kasi ya mtetemo wa wimbi, inayopimwa kwa MHz. Kunjua shubiri yako: kwenye 600 MHz nusu ya wimbi ni sentimita 25, ndiyo maana vijiti vya antena ya UHF (masafa ya juu ya TV) vinakaribia shubiri moja. Kama ya zamani juu ya bati lako ina vijiti hivyo, ilikuwa tayari kwa king'amuzi hata kabla Dar es Salaam haijazimiwa analojia Desemba 31, 2012. Kama vijiti ni virefu karibu na mkono mzima, hiyo ni ya VHF (masafa ya TV yaliyo chini ya UHF), itoe. Tumemaliza hapo.

Sasa hiyo 4G. Zamani UHF ya TV ilianzia 470 mpaka 862 MHz, chaneli 21 hadi 69, kila moja ni kipande cha masafa chenye upana wa 8 MHz, kikibeba kituo kimoja tu. Kwa DVB-T2, mfumo wa dijitali wa ving'amuzi vya antena, chaneli hiyo hiyo moja inabeba vituo kumi na zaidi. Vituo vikabanwa huku chini, huko juu pakabaki wazi, kwanza 800 MHz, baadaye na 700. Pakapewa simu, kwa sababu masafa ya chini yanakwenda mbali kuliko 1800 au 2100 na mnara mmoja unafikia kaya nyingi zaidi. Kwa hiyo ndiyo, kuzimwa kwa analojia kulihusu pia intaneti ya vijijini. Lakini inapitia kwenye mnara wa simu, laini na bando. King'amuzi cha antena kinapokea tu, hakina njia ya kurudisha kitu.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo ninapogombana na wauza maduka. Antena nyingi na busta (vikuza mawimbi) zilizoko juu ya mabati bado ziko wazi mpaka 862 MHz. Mnara wa TV uko kilomita 40, mnara mpya wa 4G uko nyuma ya shule. Busta haichagui, inakuza kila kinachoingia. Ni kama mtu anakunong'oneza kutoka ng'ambo ya uwanja huku spika ya mkutano wa hadhara iko sikioni mwako, halafu wewe unavaa kifaa cha kuongeza usikivu. Busta inalewa, na ikilewa inachafua hata chaneli ambazo 4G haijazigusa.

Mwaka jana nilipanda kwa mama mmoja ambaye TV yake ilikufa wiki ile ile mnara wa simu ulipowashwa. Dukani kaambiwa aongeze busta, kaongeza ya pili. Nikafungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi: nguvu 94, ubora 8. Watu wanasoma mstari wa kwanza tu! Nguvu ni jumla ya makelele yote yanayoingia, ya TV na ya jirani. Ubora ndio unaokuambia king'amuzi kimeelewa nini. Nikazitoa busta zote mbili. Nguvu ikashuka 51, ubora ukapanda 76, picha ikatokea. Watoto wakanitazama kama mganga, na mama akaanza kubisha bei, maana eti nimepunguza vitu badala ya kuongeza.

Kwa hiyo yale maandishi ya LTE kwenye boksi yanamaanisha kuna filta ya kukata masafa ya simu. Boksi la dawa ya mbu lina picha ya mbu, sijaona anayelinunua ili afuge mbu.

Nisijifanye najua yote. Nimefungua antena moja yenye maandishi hayo nikakuta waya mtupu, hakuna filta wala kivuli chake. Iliyotengenezwa kukata kuanzia 790 haikusaidii kitu mnara wako ukiwa wa 700. Na kuna nyumba nimefanya kila kitu sawasawa, ubora uko 80, ikifika jioni picha inaganda. Huwa nasema "hali ya hewa". Nusu ni kweli, nusu ni kujitoa. Pia sina jibu zuri kwa wale waliokuwa wakiangalia taarifa ya habari kwa chenga miaka yote, chenga lakini sura inaonekana na sauti ipo. Dijitali haina chenga: unayo picha safi au unacho kioo cheusi, na waliokuwa pembezoni wengi walipata kioo cheusi.

Nikamuuliza mzee, "Jirani hapo kuna mnara wa simu?"

"Upo, nyuma ya zahanati, usiku una taa nyekundu."

"Basi wajukuu waweke bando kwenye simu."

"Na antena niirudishe?"

"Usiirudishe, mzee. Mnara uko hapo na TV inashika. Hiyo ndiyo kazi uliyoinunulia."