Kumwepushia mtu hofu si kumtibu

Kuna ushauri ambao kama ningekuwa na uwezo ningeupiga marufuku Mombasa nzima: "Kama kinakutisha, kae nacho mbali." Akina mama huwaambia wanao, wake huwaambia waume zao, na kinachoniuma zaidi ni kuusikia kwa wanaotoa ushauri nasaha. Unatolewa kwa mapenzi, ndiyo maana ni mgumu kuupinga. Lakini kwa mwenye mashambulio ya hofu, ushauri huo ndio chakula cha maradhi.

Mchukue kijana wa Likoni anayefanya kazi kisiwani. (Nimemuunda kutokana na wengi, asijitafute mtu hapa.) Siku moja yuko kwenye feri, watu wamebanana, jua kali, moyo ukaanza kumwenda mbio. Akahema haraka haraka. Ukihema hivyo, kaboni dioksidi hupungua kwenye damu, vidole na midomo huwasha na kufa ganzi, kichwa huzunguka. Akaamini anakufa. Hospitali wakampima moyo, damu na tezi ya shingo, hawakuona kitu. Vipimo hivyo ni lazima, sivipuuzi.

Kesho yake akafika kivukoni, hofu ikampanda, akageuka. Alipogeuka tu, mwili ukapoa, na ubongo ukaandika: nimesalimika kwa sababu nimerudi. Angebaki, hofu ingefika kileleni ndani ya dakika chache kisha ingeshuka yenyewe, lakini hilo hakupata nafasi ya kulijua. Ile nafuu ndiyo tuzo inayomfanya ageuke tena kesho. Sisi tunaotibu hofu tunaiita uimarishaji hasi, na jamani, hiyo si adhabu! Adhabu hupunguza tendo. Hii hulizidisha kwa kuondoa karaha. Mwanasaikolojia Mowrer alilieleza mwaka 1947: hofu huingia kwa kuhusishwa na kitu, kama mbwa wa mwanasayansi Pavlov walivyohusisha sauti na mlo wao, kisha hudumishwa na nafuu ya kukimbia.

Baadaye anazungukia barabara ya Dongo Kundu ili asipande feri. Kisha hapandi matatu iliyojaa. Kisha Ijumaa msikitini lazima akae karibu na mlango. Kisha hatoki bila nduguye. Hapo tumeshaingia agorafobia, yaani hofu ya kuwa mahali ambapo ni vigumu kutoka au kupata msaada, na kila hatua kuna jamaa aliyemwambia, "Pumzika, mwanangu."

Mtaniambia feri ina hatari ya kweli. Ni kweli. Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama, wakafa watu zaidi ya 250, na Mombasa haijasahau. Lakini kijana huyu haogopi kuzama. Anauogopa moyo wake mwenyewe. Wala simzungumzii mke anayemkimbia mume anayempiga, huyo akimbie.

Kukimbia kwengine hakuonekani. Yuko ndani ya feri, ndiyo, lakini ameikumbatia chupa ya maji, simu iko mkononi na namba ya kakake tayari, na mfukoni ana kidonge asichokimeza miezi yote. Akivuka salama, sifa inakwenda kwa kidonge.

Tiba si kumsukuma kwenye feri ya asubuhi iliyofurika. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alimsogezea sungura mtoto aliyemwogopa, kidogo kidogo, huku mtoto anakula. Nasi tunapanda ngazi vivyo hivyo: kusimama getini, kuingia wanakosubiri abiria, kuvuka saa za watu wachache, halafu saa za msongamano. Ofisini namhemesha makusudi hadi vidole viwashe, ajionee kwamba mwili unaweza kufanya hivyo na asife.

Nina mashaka yangu pia. Tulifundishwa tungoje hofu ishuke ndipo tumalize kikao. Siku hizi tunajua kushuka huko hakutabiri vizuri nani atapona. Funzo la zamani la hofu halifutiki, jipya hukaa kando yake, ndiyo maana aliyepona kwenye feri anaweza kushikwa tena ndani ya lifti. Na ile chupa ya maji? Wapo watafiti wanaosema mwanzoni humsaidia mtu asiiache tiba. Wengine nawaruhusu hatua za kwanza, wengine nawanyima, na kipimo ninachotumia sina hakika nacho.

Kwa jamaa nina ombi moja. Akisema moyo unamwenda mbio, msimwambie arudi nyumbani. Muulizeni hofu imefika ngapi kwa 100, simameni naye, kisha baada ya dakika chache mumuulize tena.