Je, wajua kwa nini mshale wa geji ya oili hushuka injini ikishapata moto?

Asubuhi ukiwasha gari la dizeli lenye geji ya oili, mshale hupanda juu. Ukishatembea saa moja kisha ukasimama kwenye foleni, mshale huohuo unalala karibu na alama ya chini. Wako wanaokimbilia kuongeza oili. Lakini geji haipimi wingi wa oili. Hiyo ni kazi ya stiki, kile kijiti cha kupimia oili. Geji inapima presha.

Pampu husukuma oili tu. Presha hutokea pale oili inapolazimika kupenya kati ya krankshafti, yaani mhimili mkuu wa injini, na beringi zinazoushikilia, kwenye nafasi ya sehemu chache za mia za milimita. Oili baridi ni nzito na hupita kwa shida, kwa hiyo presha hupanda, mpaka vali ya usalama ifunguke na kurudisha ya ziada. Ikipata moto inakuwa nyepesi. Na injini ikizunguka polepole, pampu nayo husukuma kidogo. Kipimo cha mafundi wengi ni 10 psi (pauni kwa inchi ya mraba) kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, injini ikiwa ya moto, ingawa kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Ndani ya geji ya kimakanika mna kibomba bapa kilichopindwa kama mundu, ambacho Mfaransa Eugène Bourdon alikipatia hataza mwaka 1849. Oili yenyewe huletwa hadi humo kwa bomba jembamba. Presha ikiongezeka, kibomba kinajaribu kunyooka, ncha yake inavuta kigurudumu cha meno, mshale unazunguka. Geji nyingi za mitungi ya gesi hufanya kazi hivyohivyo.

Geji ya umeme haipitishi oili. Sensa iliyofungwa kwenye bloku, yaani mwili wa injini, ina utando unaosukumwa na oili na kubadili ukinzani wa umeme. Sensa nyingi za VDO, kampuni ya kutengeneza geji, huanzia omu 10 presha ikiwa sifuri, hadi kama 180 ikiwa kamili. Sensa ya waya mmoja hupata athi, yaani njia ya umeme kurudi, kupitia meno yake ya kufungia kwenye bloku, hivyo fundi akiyazungushia tepu nyingi ya kuzuia mvujo, geji inadanganya.

Taa nyekundu ya oili ni swichi tu. Kwa kawaida huwaka presha ikiwa imeshuka hadi kama 5 psi. Ikiwaka ukiwa barabarani, simama kando na uzime injini palepale. Usiseme utafika gereji.

Mshale ukishuka kuliko ulivyozoea, simama pahali tambarare, ngoja dakika 10, soma stiki. Kama oili ipo, fundi atoe sensa na afunge mahali pake geji ya mkono, yaani ya kimakanika, ili apime presha yenyewe. Magari mengi ya Japani hufunga sensa kwa meno ya 1/8 BSPT, kipimo cha Kiingereza cha meno ya bomba, yaani meno 28 kwa inchi, ilhali NPT, kipimo cha Kimarekani, ina 27. Zinafanana kwa macho, lakini ukilazimisha unaharibu bloku. Geji ya mkono ikisoma vizuri, tatizo ni sensa au waya. Ikisoma chini, shuku oili iliyochanganyika na dizeli, chujio la sampu (bakuli la oili chini ya injini) lililoziba, pampu iliyochoka au beringi zilizolika. Ukimimina oili nzito zaidi mshale utapanda, lakini beringi zitaendelea kulika hadi injini inoki.