Kimya si kujidhibiti: dhana potofu kuhusu watoto wa chekechea

Dhana: Mtoto anayekaa kimya amejifunza kujidhibiti.

Hii ndiyo inayozaa nyingine zote. Mgeni anaingia darasa la awali, anakuta watoto wamekunja mikono, kidole mdomoni, anamsifu mwalimu kwa nidhamu. Mwalimu akiitwa ofisini dakika mbili tu, darasa limegeuka gulio. Aliyekuwa akidhibiti ni yeye, si watoto.

Kujidhibiti kwenyewe kuna kazi tatu zinazokwenda pamoja kichwani: kushika maelekezo huku ukiyafanyia kazi, kuzuia lile linalokujia kwanza, na kubadilika kanuni inapobadilika. Ukitaka kuziona, cheza nao mchezo wa nyama. "Nyama nyama nyama!" anaita kiongozi. "Nyama!" wanaitikia wakiruka. "Nyama ya mbuzi!" "Nyama!" "Nyama ya kuku!" "Nyama!" "Nyama ya... paka!" Hapo mwangalie mtoto wa miaka mitano. Magoti yameshakunjwa, mdomo umeshafunguka, "nya" imeshamponyoka, kisha anajikamata. Kwa maoni yangu sekunde hiyo ina mafunzo kuliko nusu saa ya kidole mdomoni.

Shida ni kwamba anayeruka kimakosa hutolewa mchezoni. Anayetoka wa kwanza ndiye aliyehitaji mazoezi kuliko wenzake, na ndiye anayebaki ukutani akitazama. Mrudishe, au mpe zamu ya kuita. Wakishauzoea, geuza kanuni: sasa tunaruka kwa wanyama wasioliwa tu. Makosa yatakuwa mengi, ya mwalimu yakiwemo.

Dhana: Kanuni anaijua, kwa hiyo akiivunja ni ukaidi.

Mwanasaikolojia Philip Zelazo anajulikana kwa jaribio rahisi la kadi. Mtoto anapewa kadi zenye picha za sungura na mashua, za rangi mbili, anaambiwa azipange kwa rangi. Anazipanga vizuri. Kisha anaambiwa: sasa tunapanga kwa picha. Watoto wengi wa miaka mitatu huendelea kupanga kwa rangi, ingawa ukiwauliza sungura anawekwa wapi katika mchezo huu mpya, wanakuonyesha sawasawa. Wanajua, ila mkono haufuati. Wakifika miaka mitano wengi wao hubadilika bila shida, na sehemu ya mbele ya ubongo inayobeba kazi hiyo huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20.

Basi "nimekwambia mara ngapi?" halimsaidii wa miaka mitatu. Kinachomsaidia ni kukumbushwa kabla hajatenda: mchoro wa sikio unaoinuliwa wakati wa kusikiliza, au wimbo mmoja ule ule kila siku wa kukusanya vifaa.

Dhana: Bila kiboko hawakai sawa.

Mwaka 2011 Victoria Talwar, Stephanie Carlson na Kang Lee walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa shule mbili binafsi za Afrika Magharibi, moja ikichapa, nyingine haichapi. Chekechea, waliokuwa wakichapwa hawakuwa nyuma katika majaribio ya kujidhibiti. Darasa la kwanza walikuwa nyuma ya wenzao. Ni utafiti mdogo, lakini unaeleza vizuri kwa nini kiboko kinadanganya: mwanzoni kinaonekana kinafanya kazi. Kenya ilikifuta shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakikataza waziwazi. Madarasani ni habari nyingine.

Dhana: Mtoto asiyeweza kusubiri peremende hana mbele.

Mwanasaikolojia Walter Mischel alianza majaribio yake katika shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, miaka ya 1960: kula tamu moja sasa, au subiri upate mbili. Waliosubiri walifuatiliwa, wakaonekana wamefanya vizuri shuleni, na dunia ikapata hadithi ya kusimulia. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walirudia swali hilo kwa watoto wengi zaidi na wa hali mbalimbali. Uhusiano ulikuwa mdogo zaidi, na ulipungua sana walipozingatia mazingira ya nyumbani.

Halafu kuna watoto wa Wanso, wakulima wa Kamerun. Bettina Lamm na wenzake waliwapa wa miaka minne jaribio lile lile kwa andazi la kwao, na karibu 70 kati ya kila 100 walisubiri. Kwa watoto wa Ujerumani hawakufika 30.

Lakini jaribio ninalopenda walimu walijue ni la mtafiti Celeste Kidd na wenzake, la 2013. Kabla ya jaribio, watoto waliahidiwa kuletewa vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Wengine waliletewa, wengine wakaombwa radhi kwamba havipo. Waliotimiziwa ahadi walisubiri peremende kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa, dakika 3. Mtoto anayenyakua leo huenda amepiga hesabu zake vizuri tu, hasa kama mwalimu ana mazoea ya kusema "kesho nitaleta rangi".

Dhana: Anayejisemea peke yake anavuruga darasa.

"Hii hapa... hapana, kubwa kwanza... sasa hii." Mwanasaikolojia Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, aliona kwamba mtoto hujisemea zaidi kazi inapokuwa ngumu, kwa sababu anajiongoza kwa sauti. Baadaye sauti hiyo huingia ndani, ikawa kufikiri. Ukimnyamazisha kabisa unamnyang'anya kifaa akiwa katikati ya kazi. Mwambie anong'one.