Mhindi si lazima awe Mhindu: kuwafundisha watoto wadogo kuhusu dini za majirani

Kipindi cha dini na somo kuhusu dini ni vitu viwili, na makosa mengi darasani huanzia pale vinapochanganywa. Kipindi cha dini kikifika, darasa hugawanyika: watoto wa Kiislamu huenda kwa ustadhi, wa Kikristo kwa katekista au mchungaji, na kila kundi hulelewa katika imani ya nyumbani kwao. Kenya ina mitaala mitatu kwa kazi hiyo, wa Kikristo, wa Kiislamu na wa Kihindu, na huu wa mwisho hubeba pia Ujaini, Ubudha na Usikh. Hapa tunazungumzia jambo jingine: zile dakika 30 ambazo watoto wa miaka 6 hadi 9 wamekaa pamoja, na mwalimu anataka wajue jirani yao hufanya nini. Si lazima kuwe na somo lenye jina lake. Nafasi hupatikana ndani ya hisabati, sanaa na masomo ya jamii.

Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inaiacha ibada na uenezaji wa dini katika hiari ya mtu binafsi. Ibara ya 8 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema hakuna dini ya taifa. Kwa somo hili sisi tunaitafsiri hivi: mwalimu aieleze ibada, asiiendeshe.

Kabla ya vifaa vyovyote, mwalimu achunge sentensi zake. "Mungu alimteremshia Mtume Qurani" na "Yesu alifufuka siku ya tatu" ni sentensi za msikitini na kanisani. Darasani zipewe mwenyewe: "Waislamu huamini kwamba...", "Wakristo huamini kwamba..." Kiambishi hu- kinatufaa sana hapa, ila kina mtego wake, kwani humfanya mtoto adhani wote hufanya hivyo. Ongeza "wengi" au "baadhi" panapostahili. Wakristo wengi husali Jumapili, Wasabato husali Jumamosi. Nguruwe haliwi na Waislamu, wala na Wasabato. Mtoto wa darasa la kwanza anayaelewa haya bila shida.

Halafu majina. Katika Kiswahili chetu Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, na Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Herufi moja tu, lakini ukiteleza umewafuta watu chungu nzima: Mabohora na Makhoja ni Waislamu, Magoa (watu wenye asili ya Goa, India) wengi ni Wakatoliki, Masingasinga ni Wasikh, na wapo Wajaini ambao hata kitunguu na kiazi hawali kwa sababu ni vitu vya kung'olewa ardhini. Vivyo hivyo epuka "kanisa la Wahindi" kwa maana ya hekalu, na "Idi ya Wakristo" kwa maana ya Pasaka. Watoto watayasema tu. Mwalimu arudishe jina sahihi taratibu bila kukemea. Maneno ambayo hayafai kabisa kutoka mdomoni mwa mwalimu ni kafiri, mpagani na masanamu.

Kipindi cha kwanza tunapendekeza kiwe cha kuhesabu. Azima tasbihi, rozari ya Kikatoliki na mala ya Kihindu (nayo ni uzi wa punje), ugawe watoto katika makundi ya watano au sita, na usitaje jina la kitu wala dini yake kwanza. Uliza: mnaona nini? Kuna ngapi? Tasbihi itakuwa na punje 33 au 99, na watagundua wenyewe kwamba ile ya 33 ikizungushwa mara tatu inafika 99. Rozari ya kawaida ina 59, zikiwemo zile za makumi matano ambazo kila kumi hutengwa na punje moja. Mala ina 108. Baada ya hesabu ndipo waambiwe kwamba wenye vitu hivi huvitumia ili wasipoteze idadi wanapomtaja Mungu au kusali. Tatizo la kwanza litakalotokea ni mtoto kuivaa rozari shingoni. Sema mapema kwamba vitu hivi vinashikwa mkononi tu. La pili, mtoto wa Kilutheri au wa Kipentekoste atasema, "Mimi Mkristo lakini kwetu hatuna hii." Huyo msifu, maana amekupa lile neno "baadhi" bure.

Msahafu ni habari nyingine. Usiupitishe mikononi mwa watoto. Waislamu wengi huona haushikwi bila udhu, na hauwekwi sakafuni. Uwekwe juu ya marufaa (kibao cha kuwekea kitabu), mezani, na mzazi au mwalimu Mwislamu aufungue watoto wakitazama. Biblia inaweza kushikwa, lakini tunashauri iwekwe juu ya meza ileile kwa heshima ileile, kwani watoto huona haraka kitabu kipi kimetupwa pembeni. Usigawe picha ya Mtume Muhammad ya kupaka rangi. Waislamu walio wengi hawakubali achorwe.

Kalenda ya sikukuu ndiyo kazi inayodumu mwaka mzima, na sisi tunaipenda kuliko zote. Bandika ukutani karatasi 12 za miezi. Kadi ya Krismasi igundishwe tarehe 25 Desemba kwa gundi. Kadi za Idi zishikwe kwa vibanio vya nguo, kwa sababu zitahama: mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, hivyo Idi hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Mwaka 2024 Idi el-Fitri ilisherehekewa hapa tarehe 10 Aprili, na 2025 wengi waliisherehekea 31 Machi. Pasaka nayo huhama, ila ndani ya uzio: huangukia Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, kwa hiyo haitoki nje ya 22 Machi na 25 Aprili. Kwa makanisa ya Waorthodoksi hesabu ni nyingine. Diwali huja usiku wa giza, mwezi ukiwa haujaandama, kati ya Oktoba na Novemba. Shule za pwani zina bahati zaidi, kwa kuwa bibi wa mtoto bado anahesabu kwa mfungo: Idi ndogo mfungo mosi, Idi kubwa tarehe 10 mfungo tatu, Maulidi tarehe 12 mfungo sita. Watoto watumwe nyumbani wakamuulize.

Dira ya shilingi chache hufanya kipindi kingine. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja ya Dar es Salaam, ndiyo maana watu wa pwani wa zamani waliita kaskazini kibla. Mtoto asimame uani, atafute kaskazini, kisha aulizwe Mwislamu aliye Cairo ageukie wapi.

Kuigiza ibada hatukubaliani nako. Kumbatiza mwanasesere au kupanga safu za swala kwa mchezo hufurahisha watoto na kuwaudhi wazazi, nao wazazi wana haki.

Ziara ifanywe moja kwa muhula. Msikitini usiende adhuhuri ya Ijumaa, wala kanisani Jumapili asubuhi. Katika gurudwara, yaani nyumba ya ibada ya Wasikh, wote hufunika kichwa, wavulana kwa wasichana, huvua viatu na kukaa chini bila kunyoosha miguu kuelekea kitabu kitakatifu. Gurudwara ya Makindu, kando ya barabara ya Nairobi hadi Mombasa, huwapa wasafiri chakula bila malipo. Amueni mapema na wazazi kama watoto watakula. Chakula kilichotolewa ibadani kikataliwe kwa adabu: "Asante, tumeshukuru."

Dini za jadi ndizo huharibiwa zaidi, kwa kusimuliwa kama uchawi au kama mambo yaliyokwisha. Kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu ya pwani ya Kenya, ziliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na wazee wanazo hadi leo. Kaya Kinondo mgeni huvishwa kaniki kabla ya kuingia. Sema "hufanya", usiseme "walifanya".

Swali la "Mwalimu, Mungu wa kweli ni wa nani?" litakuja, pengine siku ya kwanza. Jibu fupi latosha: "Watu hulijibu tofauti. Kawaulize baba na mama, watakwambia nyumbani kwenu mnaamini nini." Usimgeukie Juma ukamwambia awajibie Waislamu wote.

Barua kwa wazazi itoke wiki moja kabla, ikitaja kila kitu kitakachoonyeshwa, na sentensi hii: hatutaswali, hatutaimba nyimbo za ibada, hatutakula chakula cha ibada. Mzazi akikataa, mtoto apelekwe darasa jirani na kazi ya hisabati mkononi. Asisimamishwe barazani wenzake wakimchungulia dirishani.