Sindano za Kichina: maswali ninayoulizwa dirishani

Mimi ni mfamasia. Duka letu liko Dar es Salaam, hatua chache kutoka kliniki mbili za tiba ya Kichina, kwa hiyo mtu akitoka huko na karatasi yake, au akiwa bado anajishauri aende au asiende, hupitia dirishani kwangu. Madaktari wa Kichina si wageni kwetu: wapo Zanzibar tangu miaka ya 1960 na bara tangu 1968. Kilichoongezeka ni kliniki za binafsi, mabango na uvumi. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila wiki, na majibu ninayotoa.

Hizo sindano zina dawa ndani?

Hazina kitu. Ni waya mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, unene wake mara nyingi robo ya milimita. Sindano ya bomba tunayochomea watu msulini ina zaidi ya nusu milimita, na ni mrija.

Nimewahi kuchomwa mwenyewe, kwa ajili ya bega. Mtaalamu aliweka kijimrija cha plastiki juu ya ngozi, akagonga kichwa cha sindano kwa kidole, na nilichosikia ni kama kuumwa na sisimizi. Ajabu ilikuwa kilichofuata. Alipoizungusha kidogo, uzito fulani ulitambaa taratibu hadi kwenye kiwiko. Si maumivu, ni kama mkono ulioulalia usiku kucha. Wachina wanaiita *deqi*, na ndiyo wanayoitafuta. Kisha nikaachwa nimelala kama dakika 25, kimya, feni inazunguka.

Kwa maelezo ya jadi yao, mwilini hupita nguvu iitwayo *qi* (tamka "chi") kwenye njia kuu 12, na sindano hufungua palipoziba. Vituo vinavyotambulika vimehesabiwa 361. Wapasuaji wa maiti hawajawahi kuziona njia hizo. Kinachopimika ni kwamba sindano husisimua mishipa ya fahamu, na mwili hutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Unaweza usiamini *qi* hata kidogo na bega likapata nafuu. Mimi ni mmoja wa hao.

Basi zinasaidia ugonjwa gani hasa?

Maumivu ya muda mrefu, kabla ya kitu kingine chochote: kiuno, shingo, bega, kichwa kinachojirudia.

Utafiti ninaoupenda ni wa Ujerumani, uliotolewa 2007. Wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilichomwa sindano za Kichina kama inavyotakiwa. La pili lilichomwa sindano za kuzugia, juujuu tu, mahali pasipo na kituo chochote. La tatu lilipewa dawa na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 47.6 kwa sindano za kweli, 44.2 kwa sindano za kuzugia, na 27.4 kwa matibabu ya kawaida.

Zisome tena tarakimu hizo polepole. Wenye kliniki hukutajia ya kwanza na ya tatu, wakaruka ya katikati. Wasiozipenda sindano hukutajia ya kwanza na ya pili, wakasema ni kiini macho. Ukweli uko kwenye zote tatu: watu walipata nafuu kweli, lakini kumbe kuchomwa mahali "sahihi" hakukuleta tofauti kubwa. Sehemu nzuri ya nafuu inatokana na kuguswa, kulala kwa utulivu, kusikilizwa na mtu asiye na haraka, na kutarajia kupona. Uchambuzi wa 2018 uliounganisha wagonjwa 20,827 ulionyesha kwamba sindano za kweli zinazishinda za kuzugia, ila kwa kidogo, na kwamba sehemu kubwa ya nafuu ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baadaye. Kwa mtu anayemeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku hadi tumbo linamuunguza, kidogo hicho si haba.

Kwa kipandauso, NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba Uingereza, ilikubali sindano mwaka 2012: hadi mara 10 ndani ya wiki 5 hadi 8, kwa wale ambao dawa za kuzuia haziwafai. Kwa magoti yaliyosagika, taasisi hiyohiyo ilisema 2022 zisitolewe. Tafiti nyingine zinaona nafuu kidogo. Goti basi liweke kwenye "labda".

Kitu cha pili ni kichefuchefu, hasa cha baada ya upasuaji na cha dawa za saratani. Hapa huhitaji hata sindano. Geuza kiganja kitazame juu. Toka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pima upana wa vidole vitatu kuelekea kwenye kiwiko, katikati ya zile kano mbili zinazojitokeza ukikunja ngumi. Kituo hicho kinaitwa Neiguan. Kibonye kwa dole gumba dakika chache, kwa nguvu ya kuhisi lakini si ya kuumiza. Wajawazito wanaotapika asubuhi nawaonyesha pia, ingawa kwao ushahidi ni hafifu, hakigharimu kitu.

Na kuna moja ambalo akina mama hawaulizi kwa sauti, husubiri dirisha liwe tupu: mkojo kuponyoka ukikohoa au ukicheka. Utafiti wa China wa 2017, wanawake 504, ulitumia sindano za kiunoni zilizounganishwa na umeme mdogo, mara 18 kwa wiki 6. Mkojo ulipungua kuliko kwa waliowekewa sindano za kuzugia. Mazoezi ya kubana misuli ya nyonga bado ndiyo ya kuanzia, lakini si jambo la kuona aibu nalo, dada yangu.

Karatasi ya kliniki inasema WHO imethibitisha magonjwa kibao. Kweli?

Nusu. Mwaka 1979, baada ya semina iliyofanyika Beijing, ilitoka orodha ya magonjwa 43 yanayoweza kujaribiwa sindano. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani likatoa ripoti iliyotaja 28 kuwa yamethibitishwa. Ripoti hiyo ilikosolewa sana, kwa kuwa ilikusanya tafiti nyingi ndogo na dhaifu, na kutoka China karibu kila utafiti ulikuwa na jibu la "imefaulu", jambo ambalo lingetia shaka kwa dawa yoyote ile. Ukiona orodha inayoanzia pumu ikaishia kwenye kuota nywele, ujue imebandikwa na mwenye duka.

Mama mkwe ameamka mdomo umepinda. Tumpeleke kwa Mchina?

Hospitali, tena sasa hivi. Mengine utayasoma ukiwa njiani.

Mdomo kupinda ghafla unaweza kuwa kiharusi, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Inawezekana pia ni mshipa wa uso uliopooza, ambao si kiharusi. Huo nao una tiba yake, vidonge vya prednisoloni, vinavyofaa zaidi vikianza ndani ya saa 72. Daktari humwambia mgonjwa akunje paji la uso. Mwenye kiharusi mara nyingi hulikunja lote, mwenye mshipa uliopooza upande mmoja hubaki laini. Usitumie kipimo hicho nyumbani ukaamua kulala. Nimeona familia iliyopoteza siku nne ikizunguka kwa waganga, wa kwanza akasema ni upepo mbaya, wa pili akasema ni *qi*.

Baada ya hospitali, wakati wa kujifunza kutembea upya, sindano mkizitaka sawa, mradi zisile muda na nauli ya mazoezi ya viungo. Ushahidi wake kwa kiharusi ni mdogo.

Natafuta mtoto mwaka wa nne. Wanasema sindano zinafungua mirija.

Pole, na najua umeshaambiwa mengi. Mirija iliyoziba haifunguliwi na sindano.

Kwa wenye vifuko vingi kwenye ovari, China ilifanya utafiti kwa wanawake 1,000, ukatolewa 2017. Waliomeza klomifeni, dawa ya kuchochea mayai, walijifungua takribani mara mbili ya wasiomeza; sindano hazikuongeza kitu. Australia nako, 2018, wanawake 848 waliokuwa wakipandikizwa mimba: waliochomwa sindano za kweli waliojifungua ni asilimia 18.3, za kuzugia 17.8. Maana yake ni kitu kilekile. Kama zinakupunguzia wasiwasi wa kusubiri, nenda kwa sababu hiyo. Na mume naye apimwe mbegu; kipimo hicho ni rahisi kuliko vyote, na ndicho kinachokwepwa kuliko vyote.

Presha, sukari, dawa za kufubaza virusi: naweza kuacha nikianza sindano?

Hapana.

Na mitishamba yao?

Hapo tunaingia nyumba nyingine kabisa. Sindano haiachi kitu mwilini, mmea unaacha.

Kuna fahari kubwa. Dawa mseto ya malaria tunayoitoa hapa kila siku ina artemisinini, iliyotokana na mmea unaoitwa *qinghao*. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, na wenzake waliupekua kupitia maandishi ya kale, wakati wa mradi wa siri wa serikali ya China ulioanza 1967. Uchemshaji wa kawaida ulikuwa ukiiharibu dawa. Maandishi ya Ge Hong, tabibu wa Kichina wa karne ya 4, yalisema uloweke majani kwenye maji na uyakamue, wala hayakutaja kuchemsha. Tu Youyou akatumia kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na 1971 akaipata. Tuzo ya Nobel ilimfikia 2015. Lakini tazama: jani halikupewa tuzo likiwa jani. Lilichujwa, likapimwa, likapewa dozi. Ndiyo maana chai ya artemisia si tiba ya malaria.

Na kuna msiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Brussels, wanawake waliokwenda kliniki ya kupunguza unene walipewa mchanganyiko wenye mitishamba ya Kichina. Mmea mmoja ulibadilishwa kwa makosa na mwingine, aristolokia, kwa sababu majina yao ya Kichina yanafanana. Zaidi ya 100 waliharibika figo. Wengine baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo.

La karibu zaidi: mama mmoja aliniletea boksi la "vidonge vya viungo". Maandishi yote ya Kichina, hakuna hata neno moja la Kiswahili. Magoti yalikuwa yametulia ndani ya siku tatu. Nilimtazama uso: umejaa, mviringo, mashavu yameinuka, na sukari yake ambayo haikuwahi kusumbua ilikuwa juu. Sura hiyo wafamasia tunaijua; ni sura ya steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe. Vidonge vya "asili" vinavyochanganywa na dawa za viwandani kimyakimya vimekamatwa nchi nyingi: steroidi kwenye vya viungo, sildenafili kwenye vya nguvu za kiume. Sikumwambia aache ghafla, maana steroidi ikiachwa ghafla ina hatari yake. Nilimpeleka kwa daktari siku ileile, na boksi mkononi.

Vikombe vya Kichina na hijama ni kitu kimoja?

Ni ndugu. Wachina hutia moto ndani ya kikombe cha kioo, wakakibandika, ngozi ikavutwa. Mara nyingi hawachanji. Ndiyo yale madoa ya duara mgongoni kwa Michael Phelps kwenye Olimpiki ya Rio 2016. Hijama huchanja na kutoa damu. Bibi zetu walikuwa wakiumika kwa pembe iliyoitwa chuku, na neno ni lilelile tunalomsema nalo mtu anayetia habari chumvi. Ushahidi wake ni mdogo kuliko wa sindano. Ukienda, wembe ufunguliwe mbele yako.

Na kwenye sindano chuku zipo pia. Utasikia mwandishi wa Marekani, James Reston, alipasuliwa Beijing 1971 kwa sindano tu bila ganzi. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alichomwa ganzi ya kawaida. Sindano za Kichina zilikuja baada ya upasuaji, kumtuliza tumbo lililojaa gesi.

Zina hatari?

Chache, mikononi mwa mtu aliyesomea. Damu kidogo, alama ya bluu, kizunguzungu ukienda na njaa. Kubwa ila adimu ni sindano ya kifuani au begani kutoboa pafu; ukikosa pumzi baada ya kuchomwa, kimbia hospitali. Sindano ikitumika kwa watu wawili, homa ya ini B na VVU zinapita. Pakiti ipasuliwe ukiiona. Unatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au una mimba, sema kabla hujalala kitandani. Uliza pia kama mtoa huduma amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Aliyesajiliwa hakasiriki kuulizwa.

Nichomwe mara ngapi ndipo nijue haifanyi kazi?

Swali zuri kuliko yote, na huulizwa na wachache. Bima ya wazee ya serikali ya Marekani, Medicare, tangu 2020 hulipia maumivu sugu ya kiuno mara 12 ndani ya siku 90. Nafuu ikionekana huongeza 8, isipoonekana hufunga mfuko. Nawe fanya hivyo. Kabla ya siku ya kwanza andika vitu vitatu usivyoweza kufanya kwa sababu ya maumivu: kuinama kufagia, kukaa kwenye daladala hadi Mbagala, kusujudu. Ukifika mara ya sita, toa karatasi. Kama vyote vitatu viko palepale na bado unauziwa kifurushi cha mara 30 cha kulipia mapema, chukua mkoba wako.