Chenga za TV ya kichogo na jinsi tunavyoupima ulimwengu

Mliokulia kwenye TV za kichogo mnazikumbuka zile chenga, mmoja yuko juu ya bati anazungusha antena, wa ndani anapiga kelele hapohapo usiguse! Sasa katika zile chenga kuna kama asilimia 1 hivi ambayo haikutoka kwenye waya wala kwa jirani, ni mionzi iliyosafiri karibu miaka bilioni 13.8 ikaishia sebuleni kwenu.

Walioinasa kwanza hata hawakuwa wanaitafuta. Mwaka 1964 huko Holmdel, New Jersey, wanasayansi Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa mfano wa pembe, ina kelele haiishi, wageuzie huku wageuzie kule, usiku mchana, iko palepale. Wakakuta njiwa wamefanya makazi ndani, wakawatoa, wakasugua na kinyesi chote, kelele ikabaki. Mwaka 1978 wakapewa Nobel kwa kelele hiyohiyo.

Ni nini hasa? Ulimwengu ulipokuwa mchanga ulikuwa moto mno, mwanga umenasa kwenye gesi kama taa ya gari ndani ya ukungu, ulipofika miaka kama 380,000 ukapoa mpaka nyuzi 3,000 hivi, ukungu ukaondoka, mwanga ukatoka. Tangu hapo anga limetanuka na mwanga ule umevutika ukawa mikrowevu, joto lake leo ni Kelvini 2.725, yaani kama nyuzi 270 chini ya sifuri.

Joto hilo ni karibu sawa kila upande. Hiyo "karibu" ndiyo inatupa kazi, maana kuna madoa yanayozidiana kwa kama sehemu moja kati ya 100,000 tu. Ndiyo maana setilaiti ya Planck, iliyorushwa Mei 2009 kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, ilipelekwa kilomita milioni 1.5 mbali na Dunia na baadhi ya vipokezi vyake vikapozwa hadi Kelvini 0.1, la sivyo joto la chombo chenyewe lingefunika kila kitu. Halafu ilipima masafa 9 tofauti, kwa sababu vumbi la galaksi yetu nalo linang'aa na lazima ulitoe kwanza, wapo waliokosea hapo wakaumbuka.

Madoa yanapimaje? Nyoosha mkono mbele, tazama ukucha wa kidole chako cha mwisho, huo upana ni kama digrii 1, na madoa yanayoonekana zaidi ndiyo saizi hiyo. Yalitokana na mawimbi ya sauti kwenye ile gesi, na umbali ambao sauti iliweza kusafiri kwa muda ule tunaupiga hesabu. Ni kama khanga iliyoanikwa kilima cha mbali, urefu wake unaujua, kwa hiyo ukiiona imekuwa kubwa au ndogo kuliko inavyotakiwa unajua kuna kitu kinapindisha mwanga njiani. Jibu likawa anga halijapinda, au kama limepinda ni kidogo sana.

Madoa madogo zaidi ndiyo mizani. Maada ya kawaida inaongeza uzito kwenye wimbi, sawa na mtu mnene kwenye godoro la springi, linabonyea zaidi kuliko linavyoinuka. Kompyuta inajaribu ulimwengu mmoja baada ya mwingine, kwa namba 6 tu za kurekebisha, mpaka ipate unaofanana na ramani ya madoa iliyochorwa na Planck. Planck ikatoa maada ya kawaida kama asilimia 5, maada ya giza (haionekani, tunaijua kwa mvutano wake tu) kama 26, iliyobaki nishati ya giza (jina la kile kinachofanya ulimwengu utanuke kwa kasi zaidi). Yaani sisi, bahari na nyota zote tumo kwenye ile 5!

Ila kuna ugomvi haujaisha. Kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, ukifuata ramani hii, ni kilomita 67.4 kwa sekunde kwa kila megaparseki (umbali wa kama miaka ya nuru milioni 3.26), wanaopima kwa nyota zinazolipuka kwenye galaksi za karibu wanapata kama 73, na kila upande umeshakagua vyombo vyake mara kibao. Mimi binafsi bado natafuta njiwa.