Kidimbwi cha Bustani: Maji ya Kijani Si Lazima Yamwagwe

"Bwawa nyumbani ni kufuga mbu." Pingamizi hili ndilo la kwanza kusikika, na lina chembe ya kweli: penye joto, yai la mbu huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Lakini viluwiluwi vyake vingi hupumulia kamrija kanachochomoza juu ya maji, na hupenda maji yaliyotulia tuli. Weka samaki wachache, au pampu ndogo ya kuyatikisa, uone kama vitafikisha wiki. Wana wa kerengende, ambao huishi majini kabla ya kuota mbawa, nao huvila. Cha kuogopwa zaidi ni kopo na tairi kuukuu lililojaa mvua nyuma ya nyumba, maana humo hakuna wa kuvila. Bwawa jipya lisilo na samaki ni la kuchungwa vivyo hivyo.

"Yakigeuka kijani, mwaga ujaze upya." Hapa ndipo mabwawa mengi yanapoharibiwa, tena na watu wenye bidii. Rangi ile ni mwani wa seli moja, unaostawi kwa jua na virutubisho viitwavyo nitrati na fosfeti. Ukimwaga maji na kusugua kuta, unawaondoa pia bakteria walioshika kwenye mawe na kuta, wanaogeuza amonia, sumu ya uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati. Kuwapata tena huchukua wiki 4 hadi 6 hivi, na muda wote huo samaki wanaogelea katika sumu yao wenyewe. Maji ya bomba nayo huja na klorini, na mara nyingi na virutubisho vipya vya kuulisha mwani. Ndiyo maana bwawa humeremeta siku chache, kisha hurudi kijani kuliko mwanzo.

Dawa ni kuunyima mwani chakula na mwanga. Acha majani ya yungiyungi yafunike nusu hadi theluthi mbili ya uso wa maji, panda na mimea ya kuzama, na samaki uwape kile wanachokimaliza kwa dakika chache tu. Kisha subiri. Wengi hushindwa hapo kwenye kusubiri.

"Anza na kadogo, ni rahisi kukatunza." Kinyume chake. Maji kidogo hupata joto upesi, hupoa upesi, na kosa dogo la chakula huyachafua yote. Kwa samaki, kina cha sentimita 60 ni mwanzo mzuri.

Wapo pia wanaoamini kwamba penye mimea oksijeni haiwezi kupungua. Mchana ni kweli. Usiku mimea nayo huitumia, na maji ya moto hubeba kidogo: takriban miligramu 9 kwa lita kwenye nyuzi 20, lakini 7.5 tu kwenye nyuzi 30. Samaki wakihema juu ya maji alfajiri, wamekuwa wengi mno au wanahitaji pampu.

Kwenye kununua turubai la kutandika, watu hupima urefu na upana wakasahau kuta. Jumlisha kina mara mbili, na sentimita 30 za ukingo kila upande. Shimo la mita 3 kwa 2 lenye kina cha sentimita 60 linataka turubai la mita 4.8 kwa 3.8.

"Ni la magotini tu, halina hatari." Mtoto mdogo huweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache. Penye watoto, wavu imara wa chuma ufungwe kabla maji hayajajazwa.

Na gugu maji, kwa kuwa linachanua vizuri, watu hulikaribisha. Likipata joto na virutubisho huweza kuongezeka maradufu kwa wiki 2 hivi. Mimi nisingelipanda kabisa. Uliye nalo, ling'oe na kulikausha mbali na mto au mfereji.